Naombeni ushauri: baridi ya Njombe, watoto watatu wadogo na mimi natoka alfajiri

MamaWatatu
Habari za jioni wapendwa, naomba mnisome mpaka mwisho, naandika vipande vipande huku mdogo yuko mgongoni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimehamia Njombe mwezi wa pili nikitokea Temeke. Nina watoto watatu, wa kwanza ana miaka 7, wa pili 4 yuko chekechea, wa mwisho miezi 9. Baba yao yupo Dar kikazi, anakuja mwisho wa mwezi akipata ruhusa. Niko na binti wa kazi wa miaka 19, mpole, watoto wanampenda sana.

Nilipofika niliona mbona hali ya hewa nzuri tu, watu wanaiogopa bure. Kumbe bado. June ilivyoingia ndo nikajua, afu shule zimefunguliwa hii July ndo baridi imekaa penyewe. Naamka saa kumi na nusu. Chumba hakina siling bodi, bati linatoa jasho usiku kucha, linadondoka tone moja moja juu ya neti mpaka blanketi linakuwa na unyevu upande mmoja. Maji ya kwenye ndoo ukitia mkono vidole vinakufa ganzi. Nachemsha maji, naogesha mkubwa analia, wa pili kaking'ang'ania shuka anasema mama bado usiku, na kweli nje giza. Sweta la shule limefuliwa Jumamosi na Jumatatu bado bichi, napiga pasi mpaka mvuke unatoka ndo namvalisha hivyo hivyo. Saa kumi na mbili na robo natakiwa niwe barabarani.

Sasa kilichonifanya niandike. Alhamisi iliyopita usiku nilikuwa sebuleni nasahihisha mitihani, binti akamaliza kupika makande, akaona mkaa bado mzuri, akaliingiza jiko chumbani kwa watoto wapate joto. Akafunga dirisha na mlango, na kile kiuwazi cha chini ya mlango akakiziba na kanga. Mdogo bahati nzuri nilikuwa nae mimi. Saa nne naingia kuwaangalia, mkubwa ananiambia mama kichwa kinauma, hapohapo akatapika. Wa pili namuita haitiki, namtikisa anafungua jicho linarudi. Sijui nilipata wapi nguvu, nikawabeba wote wawili mpaka nje na mablanketi, jirani akaita bodaboda. Hospitali wakawekewa oksijeni, kesho yake mchana tukarudi nyumbani. Wazima, namshukuru Mungu.

Binti amelia siku mbili. Simlaumu, kwao wanafanya hivyo, na mimi mtu mzima nilipita pale koridoni nikaona joto linatoka nikafurahi.

Naombeni mnisaidie, bila jiko chumba nakipashaje joto? Na hii asubuhi watoto wenu mnawafanyaje? Mshahara wa mwalimu mnaujua, hita ya umeme nikiwasha usiku kucha yuniti haziwezi kunifikisha mwisho wa mwezi.

MbenaWaUwemba
Kamwene mama, pole sana, Mungu ni mwema kwa kweli.

Mimi nimezaliwa huku na nimelea wanne huku. Kwanza acha kuogesha watoto alfajiri, hakuna mama wa Njombe anaefanya hivyo July. Watoto wanaoga saa nane au saa tisa mchana, jua likiwa bado lipo, binti anawaogeshea jikoni penye joto, anawafuta wakakauka vizuri anawapaka mafuta anawavalisha. Asubuhi ni uso, miguu na meno basi. Hapo tu umeokoa nusu saa na kilio.

Pili baridi ya usiku inatoka chini kuliko unavyodhani. Godoro liko kitandani lakini chini ya chaga hewa inapita. Tandika maboksi yale magumu ya dukani, juu yake blanketi kuukuu, ndo uweke godoro. Utaona tofauti usiku huohuo. Na walale wote wawili kitanda kimoja mpaka mwezi wa tisa, watoto ndo hita yao wenyewe.

Tatu huu mkaa wetu wa miti ya miwati usiuchukulie poa. Unauona umefunika majivu mweupe unasema umekufa, kumbe ndani unawaka mpaka alfajiri. Jiko likimaliza kazi linalala nje, sio koridoni wala sebuleni. Watoto waote moto jikoni mlango ukiwa wazi, wale, ndo wapelekwe kulala wakiwa na joto lao.

NesiWaZamu
Dada yangu pole. Niongezee hapo kwenye jiko, kila mwaka msimu huu tunawapokea wa hivi na sio wote wanaorudi nyumbani. Watu wanasubiri waone moshi ndo waogope. Mkaa ukiwa mwekundu kabisa hauna moshi hata kidogo, ndo hapo hatari, ile hewa yake haina harufu wala rangi, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni, mtu anaumwa kichwa, anasinzia, halafu haamki. Dirisha kuachia kidogo haitoshi kwa chumba cha kulala, jiko lisiingie kabisa.

Huyo wa miezi 9 akipata kikohozi, akiwa ametulia au amelala mfunue kifua uhesabu anavyopumua dakika nzima. Kwa umri wake ikifika 50 au zaidi usisubiri asubuhi, nenda. Huyo wa miaka 4 ni 40. Na ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani akivuta hewa, nenda hata kama hajafika namba hiyo. Dawa za kuchua za menthol usimpake mtoto chini ya miaka 2, na asali asipewe mpaka afikishe mwaka, najua mabibi watakushauri. Halafu msimfunike mpaka usoni. Mshike shingoni nyuma, pakiwa na joto yuko sawa, vidole kuwa vya baridi kidogo sio shida.

Na kula mama. Huu mkoa una chakula kila kona, lakini utafiti wa afya wa 2022 ulikuta nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na mimi naona sababu mojawapo ni hizi asubuhi zetu, mama anatoka na giza, mtoto anabaki na kiporo cha viazi mpaka jioni. Muachie binti uji kwenye chupa ya chai, wenye maziwa au karanga, na parachichi hapo bei rahisi ampondee mdogo.

MzeeWaLupembe
Sisi tumekulia kwenye moto ndani ya nyumba, tumelala kuuzunguka ndugu tisa na hakuna aliyekufa. Hawa watoto wa mjini mnawalea kama mayai.

MbenaWaUwemba
Mzee shikamoo. Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, moshi unatokea juu na pembeni kote, usiku unaona nyota kupitia paani. Huyu dada yuko kwenye nyumba ya saruji, dirisha la kioo, mlango umezibwa na kanga. Moto ni uleule nyumba sio ileile.

MzeeWaLupembe
Marahaba. Hapo nimekuelewa, sikulifikiria hivyo. Mwalimu nisamehe, nawaombea watoto.

WanjaLimuru
Pole sana mamake watoto. Huku kwetu Limuru, Kenya, pia July ni hivyo hivyo, kila mwaka kwa habari unasikia familia imelala na jiko ya makaa haikuamka, inaniuma kila saa. Mimi hutumia chupa ya maji moto, naifunga kwa taulo naiweka kwa kitanda robo saa kabla walale, wakiingia naitoa, nisiwachome. Na wavalishe marvin na soksi wakilala, mtoto joto pia inatokea kichwa. Lakini wa miezi 9 usimlaze na kofia, inaweza mteremkia usoni.

MamaWatatu
Asante dada, marvin ndo nini?

WanjaLimuru
Ile kofia ya kufuma ya kufunika masikio.

MamaWatatu
Aah mzula! Sawa nimekupata.

BabaJunior_Ilala
Mimi niongee na shemeji aliyeko Dar. Mwalimu mwambie aende soko la Karume asubuhi mapema siku wanafungua mabelo ya mitumba. Majaketi mazito ya watoto Dar nani atayavaa, wauzaji wanayatupia pembeni na bei inashuka, wakati huko Njombe mnayagombania. Achukue matano, sweta za bluu za shule kama nne, nguo za ndani za mikono mirefu, soksi, apakie kwenye basi kesho yake umepokea. Mtoto akiwa na sweta tatu hakuna tena habari ya kupiga pasi sweta bichi.

Na siling bodi ya chumba kimoja tu isimshinde baba mwenye kazi. Ongeeni na mwenye nyumba mkatane kwenye kodi. Mimi nimefanya kazi mbali na wanangu miaka minne, najua mtu anavyojiambia natuma hela ya matumizi inatosha. Haitoshi, mwenzako anaamka saa kumi na nusu peke yake.

MamaWatatu
Wapendwa nimerudi. Nimesoma zote na nyingine nimemsomea binti, tumekaa nae jikoni akanishika mkono akasema mama jiko sitaligusa tena, nikamwambia uguse upike, ila likiisha kazi linalala nje wote wawili tuhakikishe.

Maboksi nimepata dukani kwa jirani, nimetandika toka juzi. Kuoga kumehamia saa tisa. Leo asubuhi yule wa miaka 4 kaamka mwenyewe kanywa uji wote hajalia, nimekaa namwangalia tu.

Baba yao nilimtumia ushauri wa Karume bila kuongeza neno. Kapiga simu usiku, kakaa kimya muda mrefu, afu akaniuliza saizi za miguu ya watoto. Mwenye nyumba amekubali tukatane miezi miwili ya kodi kwa ajili ya siling. Sasa kuna yeyote anamjua fundi mwaminifu hapa mjini, na kwa chumba cha futi 10 kwa 12 nipige mbao au jipsam, ipi inazuia baridi zaidi?

MbenaWaUwemba
Mbao mama, uko Njombe. Njoo inbox nikupe namba ya fundi wangu.