Nilimwambia "baada ya saa nane", akasubiri saa nane ya mchana

Sista wa Isingiro
Habari zenu wandugu. Mimi ni nesi, nina miezi saba kwenye kituo cha afya huku Isingiro, Uganda, karibu na kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nyumbani ni Runyankole, uuguzi nimesomea Kiingereza, Kiswahili nazungumza na wagonjwa wanaotoka Kongo.

Wiki iliyopita nilimpokea mama na mtoto wa kilo 12 mwenye malaria. Vidonge sita vya Coartem. Cha kwanza mtoto alimeza mbele yangu, saa nne asubuhi. Nikamwambia mama, "Cha pili umpe baada ya saa nane, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili." Nikaandika 1x2 kwenye bahasha, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku. "Umeelewa?" "Ndiyo, sista." Foleni ilikuwa imefika mlangoni, nikaita mwingine.

Kesho yake akarudi, mtoto ametapika usiku. Cha pili alimpa mchana ule ule. Nikapandisha sauti mbele ya watu: "Si nilikuambia baada ya saa nane?" Akajibu polepole, "Ndiyo, sista. Nilingoja saa nane ipite, nikampa." Bahasha alikuwa ameikunja mara nne, imelowa jasho mkononi.

Mtoto amepona. Ila juzi mama alipita mlango wangu akaenda kumngoja nesi mwingine. Inaniuma sana. Nimwendeeje? Na ninyi dawa mnaielezaje?

Mkunga mstaafu, Bombo
Pole, mwanangu. Saa ya ukutani na saa zinazopita kwetu ni neno moja, na wengi wameponzwa nalo. Mimi niliacha kutaja namba. "Amemeza sasa hivi. Cha pili jua likizama. Kesho akiamka, kesho jua likizama, keshokutwa vivyo hivyo." Na hiyo 1x2, mwingine anasoma viwili kwa mpigo. Chora jua na mwezi.

"Umeelewa?" iache kabisa. Nani atamwambia sista hakuelewa, na foleni nzima inamtazama mgongoni? Sema, "Mama, nimeongea haraka, nataka nijue kama nimeeleza sawa. Ukifika nyumbani utampaje?" Kisha nyamaza. Usimmalizie maneno, hata akikawia.

Kuhusu kumwendea: ulimkaripia mbele ya foleni, basi radhi umwombe mbele ya foleni.

Baba wa watatu, Nakivale
Sista, asante kwa kusema wazi. Mke wangu alianza kutokwa damu akiwa na mimba. Kituo tulichokwenda, nesi hakujua Kiswahili, akamwita mwanetu wa kiume wa miaka kumi atafsiri. Mama atamwambiaje mwanawe habari ya damu? Akasema kichwa kinamuuma. Tukarudi na Panadol, na ile mimba ikaharibika. Tafadhali, mtoto asitafsiri. Mwiteni VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) mwanamke, mlango ufungwe.

Nesi, Arua
Mama mkunga, nakubali, lakini kuna asubuhi niko peke yangu na benchi zimejaa hadi nje. Hayo maswali ya "utampaje" nitayamaliza saa ngapi?

Mkunga mstaafu, Bombo
Anza na wenye dawa za watoto, na wanaoanza dawa mpya. Swali ni moja, jibu lake ni fupi. Mtoto yule wa Isingiro alitibiwa mara mbili kwa sababu ya neno moja, na hiyo ya pili ilichukua muda mrefu kuliko swali. Na ukae, mwanangu. Hata kwenye ukingo wa kitanda. Nesi akisimama mlangoni na faili mkononi, mgonjwa anafupisha maneno.

Sista wa Isingiro
Nimemwona leo asubuhi kwenye benchi. Nikachuchumaa, nikasema watu wakisikia, "Mama, siku ile kosa lilikuwa langu. Nilieleza vibaya, halafu nikakugombeza." Alitazama chini kitambo. Kisha akaniuliza kama naweza kumpima binti yake mkubwa pia, ana homa tangu Jumapili, alikuwa anaogopa kumleta.