Diklofenaki inagawiwa kama pipi na hakuna anayemuuliza mgonjwa swali hata moja

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Mama yangu ana presha ya siku nyingi. Kila asubuhi anameza losartani pamoja na kile kidonge cha kupunguza maji mwilini, na yote yameandikwa kwenye daftari lake la kliniki. Magoti yakamsumbua, akaenda zahanati, akaandikiwa diklofenaki, ile dawa ya maumivu, miligramu 50. Hakuulizwa anatumia dawa gani nyingine. Hakuulizwa kama ana vidonda vya tumbo. Dirishani wakamkatia vidonge kwa mkasi, wakavitumbukiza kwenye kibahasha, wakaandika "1x3", basi. Karatasi ya maelezo imebaki kwenye boksi, na boksi limebaki kwao.

Dawa yenyewe inafanya kazi, hilo silikatai. Magoti yakatulia. Kwa hiyo vikiisha anatumwa mtoto duka la dawa la mtaani na kibahasha kitupu, anapewa vingine, cheti cha daktari hakiulizwi. Miezi ikapita hivyo. Miguu ikaanza kuvimba, presha ikagoma kushuka. Alivyorudi kliniki mnajua walifanya nini? Wakamuongezea dozi ya presha! Hakuna aliyesema "mama, unameza nini kingine?" Mpaka akaanza kupata choo cheusi tii, chenye kunata, na kizunguzungu, akaanguka bafuni. Hospitali tuliyomkimbiza, daktari kijana akakishika kile kibahasha, akakigeuza huku na huku, akauliza, "Hizi anakula tangu lini?" Kumbe tumbo lilikuwa linavuja damu, ndiyo kile choo cheusi. Mama akaongezewa damu. Kreatinini ilikuwa juu, yaani figo nazo zilishaguswa.

Kinachonikera ni kwamba hili si jambo jipya hata kidogo. Diklofenaki inazuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Hizo ndizo zinazoleta maumivu na uvimbe, lakini ndizo hizo hizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuacha mishipa ya figo wazi damu ipite. Sasa mtu anayetumia losartani na dawa ya maji, ukimpa na hii juu yake, umezibana figo kutoka pande tatu. Kinafundishwa vyuoni hiki! Halafu dawa yenyewe inapandisha presha na kuhifadhi maji mwilini, ndiyo ile miguu iliyovimba.

Na moyo pia. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema mwenye moyo ulioshindwa kazi, mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo au aliyewahi kupata kiharusi asipewe kabisa, na wenye presha na kisukari wapewe kwa uangalifu. Januari 2015 Uingereza wakaacha kuuza vidonge vyake bila cheti. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu limeweka ibuprofeni, diklofenaki haimo. Huku kwetu mtu akiumwa mgongo anaingia dukani anasema "nichome diklo" na anachomwa.

Halafu kuna wale wa "sindano haidhuru tumbo." Inadhuru! Dawa ikishaingia kwenye damu inafanya yale yale, haijalishi imepitia mdomoni au matakoni. Na akikuchoma asiyejua pa kuchoma, akagusa mshipa wa fahamu, unaweza kuondoka unaburuta mguu.

Sisemi ipigwe marufuku. Kijana asiye na tatizo lolote akiitumia siku chache baada ya chakula, mara nyingi hapati shida. Lakini mama wa umri ule, mwenye presha, anapewaje miezi yote hiyo bila hata kidonge cha kulinda tumbo, bila kupimwa figo? Kwa magoti ipo ya kupaka, ambayo inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Parasetamoli ipo. Swali la "una presha?" halichukui hata dakika.

Mama yuko nyumbani sasa, diklofenaki tumeacha, figo anarudi kupimwa. Mimi nataka kujaza fomu ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ya kuripoti madhara ya dawa, na pale zahanati wananiambia hawana, mara mhusika hayupo, mara njoo kesho. Aliyewahi kuijaza aniambie aliipatia wapi. Na kwa huyu muuzaji anayetoa bila cheti, malalamiko yanaenda Baraza la Famasi moja kwa moja au naanzia kwa mfamasia wa wilaya?