Mapigo ya mama ni 34, daktari anasema umeme wa moyo umekatika

Kitinda Mimba: Wakuu, naombeni ushauri. Mama ana miaka 72. Juzi alikuwa uani anapeta mchele, ghafla ungo ukamponyoka akaanguka. Haikupita dakika akafumbua macho, akauliza nani kamwaga mchele. Hospitali wakampima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo: umeme umeziba kabisa kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo, mapigo 34, anahitaji betri, yaani kifaa kidogo cha kuupigisha moyo. Ndugu wakasema anaongea vizuri, tusubiri. Tukatia saini, tukarudi naye. Kinachonisumbua: kama umeme umekatika, moyo unapigaje?

Nesi wa Zamu: Pole sana ndugu yangu. Nafanya kazi wodi ya moyo. Umeme huanzia kwenye kifundo kilicho chumba cha juu kulia, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Unashuka, unacheleweshwa kidogo katikati ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu, ndipo unapita kwenda chini. Kwa mama njia hiyo imeziba. Juu kunaendelea na kasi yake, chini hakuna taarifa inayofika. Sasa kule chini kuna seli zinazoweza kuanzisha mapigo zenyewe; siku zote zilinyamaza kwa sababu kifundo cha juu kinaziwahi. Zikikosa taarifa zinaamka, lakini polepole: zilizo karibu na katikati 40 hadi 60, za chini kabisa 20 hadi 40. Hizo ndizo zinazombeba mama, na si za kutegemea. Zikisita sekunde chache, ubongo unakosa damu, ungo unadondoka.

Babu Seremala: Anatumia dawa ya presha? Atenolol na verapamil nazo hupunguza kasi ya umeme huo. Bebeni paketi zote daktari azione.

Mwana wa Pwani: Baba yangu anayo betri mwaka wa sita huu. Walimchoma ganzi, wakaiweka chini ya mtulinga, nyaya zikapita kwenye mshipa hadi moyoni. Wa kwanza kupandikizwa alikuwa Msweden, 1958, akaishi hadi 2001. Msiogope.

Kitinda Mimba: Asanteni. Nimemshika kiganja nikahesabu: 32. Kesho asubuhi tunampeleka.

Nesi wa Zamu: Si kesho. Usiku huu, na asiende hata chooni peke yake.

Kitinda Mimba: Gari limefika. Paketi za dawa ninazo mfukoni.