Mjadala: Ketchup au catsup, na je, neno hili lilizaliwa na nyanya?

Mleta mada:

Ndugu wasomaji, naomba tujadili neno moja la Kiingereza ambalo huzua ubishi kila linapotajwa miongoni mwa watafsiri na walimu wa lugha hiyo. Wapo wanaoshikilia kwamba "ketchup" ndiyo tahajia sahihi na kwamba "catsup" ni neno lililoharibiwa na Wamarekani. Wapo pia wanaosema kwamba asili yake ni maneno ya Kichina yenye maana ya maji ya nyanya, na kwa hiyo anayesema "tomato ketchup" anataja nyanya mara mbili. Msimamo wangu ni kwamba madai yote mawili hayana mashiko.

Nianze na hilo la pili, kwa kuwa ndilo linalopendwa zaidi. Ni kweli kwamba kwa Kikantoni sosi ya nyanya huitwa kwa maneno yanayotamkwa karibu sawa na "ke-jap", na anayeyasikia huko Hong Kong hushawishika papo hapo kuwa ameipata asili. Tatizo ni tarehe. Mwaka 1711 mfanyabiashara Mwingereza Charles Lockyer aliandika kwamba soya hutoka Japani ikiwa kwenye mapipa, na kwamba ketchup bora hutoka Tonkin, yaani kaskazini mwa Vietnam ya leo, ingawa zote mbili zilitengenezwa China pia na kuuzwa kwa bei nafuu. Mchuzi huo wa Tonkin haukuwa wa nyanya.

Hata Waingereza walipoanza kujitengenezea mchuzi huo majumbani mwao, nyanya haikuwamo. Eliza Smith, katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1727, anatoa maelekezo ya kitu anachokiita "English katchop": anachukua siki na divai nyeupe, anatia dagaa wa chumvi, vitunguu, basibasi, tangawizi, karafuu, pilipili manga na kungumanga, kisha mchanganyiko unakaa chupani na kutikiswa mara kwa mara. Baada yake zilienea ketchup za uyoga, za chaza na za jozi mbichi. Maelekezo ya mwanzo ya ketchup ya nyanya yanayotajwa sana ni ya James Mease wa Philadelphia, ya mwaka 1812, na wakati huo neno lenyewe lilikuwa limekwisha kutumika katika Kiingereza kwa zaidi ya miaka mia moja. Basi aliyesema "tomato ketchup" hakurudia lolote. Alikuwa akiitofautisha na ile ya uyoga.

Kuhusu tahajia, "catsup" si ya Wamarekani. Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, aliitumia katika shairi la mwaka 1730, miaka arobaini na sita kabla Marekani haijatangaza uhuru. Isitoshe, kamusi ya lugha ya wahuni iliyotoka London mwishoni mwa karne ya 17 iliandika "catchup" na kuieleza kuwa ni sosi ya "East India", jina la zamani la nchi za kusini na kusini-mashariki mwa Asia. Tahajia hizi zote zilitokana na watu waliosikia neno geni masikioni na kulikamata kila mmoja kwa herufi alizoziona zinafaa.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta mada, nimekusoma kwa makini, na tarehe ulizozitoa sizipingi. Ninachopinga ni uzito unaozipa. Maana ya neno huamuliwa na wanaolitumia leo, wala si na mabaharia waliokufa karne tatu zilizopita. Kanuni za serikali ya Marekani kuhusu chakula zinaruhusu majina matatu kwenye lebo, yaani "catsup", "ketchup" na "catchup", na yote matatu yanaeleza kitu kimoja tu, sosi iliyotengenezwa kwa nyanya, siki, kitu cha kutia utamu na viungo. Ikiwa sheria yenyewe imeshaamua hivyo, nani atakayeandika "ketchup" peke yake akitarajia msomaji afikirie samaki?

Vilevile umekwepa swali la asili. Umekanusha Kikantoni bila kutuambia ni lugha gani. Mimi ninaamini ni Kimalay, kwa sababu neno "kecap" bado liko hai Indonesia, na Malaysia huandikwa "kicap", na herufi "c" huko hutamkwa kama "ch" yetu.

Mleta mada:

Ndugu yangu, juu ya matumizi ya leo tunakubaliana: asemaye "ketchup" bila nyongeza anamaanisha ya nyanya. Nisichokubali ni mtu kuichukua maana hiyo ya leo na kuirudisha nyuma ili iwe ushahidi wa asili. Sisi wenyewe tuna achari, neno lililotufikia kwa njia hiyo hiyo ya Bahari ya Hindi. Ipo achari ya ndimu, ya embe na ya pilipili, na hakuna anayedai kwamba neno "achari" maana yake ni ndimu kwa sababu tu nyumbani kwake haikosi ya ndimu.

Sasa nije kwenye asili, kwa kuwa hapo umeuliza jambo la haki. Mwaka 1873 mmisionari wa Kiskoti Carstairs Douglas alichapa kamusi ya lugha ya Xiamen, kusini mwa mkoa wa Fujian, yaani ile lugha ya Kichina iitwayo Hokkien. Humo mna neno linalotamkwa karibu na "ke-chiap", nalo limeelezwa kuwa ni maji ya chumvi ya samaki au kombe waliohifadhiwa. Wafanyabiashara wa Fujian ndio waliotapakaa Java, rasi ya Malaya na Ufilipino, na Waingereza walikuwa na kituo chao cha biashara Bantam, Java, hadi mwaka 1682. Kwa maoni yangu, neno ni la Kihokkien, na huenda Mwingereza alilipokea kinywani mwa Mmalay.

Kinachonizuia kuishia kwenye Kimalay ni maana. "Kecap" ya Indonesia ni mchuzi mweusi wa soya, na hata Uholanzi hadi leo anayeomba "ketjap", neno lililoandikwa kwa tahajia ya zamani ya kikoloni, hupewa soya. Akitaka ya nyanya huomba "ketchup". Lakini Lockyer, mwaka ule wa 1711, aliitenga soya na ketchup katika sentensi moja na kuzitaja kuwa bidhaa mbili za nchi mbili. Kilichomfikia yeye basi hakikuwa soya, na Tonkin ni nchi ya mchuzi wa samaki.

Mchangiaji wa pili:

Hoja zenu ni nzuri, lakini mimi natafsiri lebo za vyakula na ninahitaji jibu. Kwenye vibanda vya chipsi watu wanasema "tomato sosi" na wanaelewana. Niandike hivyo, niandike "kechapu", au niache "ketchup" kama ilivyo?

Mleta mada:

Kwa lebo, ningeandika "sosi ya nyanya", kwa sababu mnunuzi anataka kujua kilichomo ndani ya chupa, na jina hilo linamweleza hivyo moja kwa moja. "Kechapu" ningeitumia pale tu tunapotafsiri mapishi ya zamani au historia ya chakula, ambapo kuandika "sosi ya nyanya" kungekuwa kosa la wazi: ile ya Eliza Smith ingekuwa "kechapu ya Kiingereza", na ile ya uyoga "kechapu ya uyoga". Tahajia hiyo inafuata matamshi na kumalizia kwa irabu kama maneno yetu mengine, na inamwondolea mtafsiri ubishi wa "ketchup" na "catsup". Mwenye lebo ambayo "sosi ya nyanya" haitoshi kuieleza, kwa mfano kiwanda kinachouza aina mbili, moja nzito yenye sukari na nyingine nyepesi ya kupikia, ailete hapa tuitazame.