Bega linaloteguka mara kwa mara: kamera au kuhamisha mfupa?

Mkaazi wa Sahare
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mdogo wangu mwenye umri wa miaka 21 ni mvuvi hapa Tanga, na jioni hudaka katika timu ya mtaa. Bega lake la kulia limeteguka mara sita, na safari ya mwisho lilitoka alipokuwa akivuta nyavu tu. Daktari mmoja amesema litashonwa kwa kamera kupitia matundu madogo. Mwingine ameshauri mfupa uhamishwe. Tumwamini nani?

Mtibamazoezi Mstaafu
Huenda wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa picha aliyoiona. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa juu ya kisahani cha mfupa wa bega kisicho na kina, na kinachokizuia kisiteleze ni ukingo wa gegedu pamoja na kano zake. Bega likitoka kwa mbele, ukingo huo hubanduka. Ndilo jeraha la Bankart, mpasuaji wa Uingereza aliyelieleza mwaka 1923. Kwa kamera, mpasuaji hukijaza kiungo maji ya chumvi, huukwangua mfupa kidogo ili gegedu ipate kushika, kisha hupachika vinanga vidogo, mara nyingi vitatu au zaidi, ambavyo nyuzi zake huufunga ukingo mahali pake. Mvuvi ataelewa upesi shida iliyopo: nanga inahitaji pa kushika, na bega linalotoka mara kwa mara huumega mfupa wenyewe. Upungufu ukifikia kama asilimia 20 hadi 25 ya upana wa kisahani, wengi huchagua njia ya Latarjet, Mfaransa aliyeieleza mwaka 1954, ambapo kipande cha korakoidi, yaani ncha ya mfupa wa bega inayochomoza kwa mbele, hukatwa pamoja na misuli yake na kufungwa kwa skrubu mbele ya kisahani. Eksirei ya kawaida haitoshi kupima upungufu huo. Ombeni CT skani, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka zinazounganishwa na kompyuta.

Mpwa wa Chumbageni
Mimi nilishonwa kwa kamera nikiwa na miaka 19, na likatoka tena uwanjani. Hakuna aliyeniambia kwamba ujana na michezo ya kugongana huongeza uwezekano wa bega kurudia.

Mtibamazoezi Mstaafu
Pole sana, ulistahili kuambiwa. Hata hivyo, kuhamisha mfupa nako kuna hatari zake: neva hupita karibu, na skrubu huweza kulegea.

Mkaazi wa Sahare
Ahsanteni, tutatafuta CT skani kwanza. Yeye anauliza jambo moja tu: je, ataweza kushika usukani wa ngalawa kwa mkono wa kushoto wakati akisubiri kupona?

Mtibamazoezi Mstaafu
Baada ya upasuaji, mkono wa kulia utaning'inizwa shingoni kwa wiki nne hadi sita, na kazi nzito husubiri takriban miezi sita. Usukani anaweza kuushika, lakini asipande chombo katika wiki hizo za mwanzo, kwa kuwa akitumbukia hataweza kuogelea.