Chrono Cross: kwanini wakosoaji waliipa maksi karibu zote halafu mashabiki wa Chrono Trigger wakaikasirikia?

msafiri_wa_wakati
Wakuu salaam. Nimemaliza Chrono Trigger juzi juzi tu, aisee ile gemu ni moto, sasa kabla sijaanza mwendelezo wake, Chrono Cross, nikasema ngoja nione watu wanausemaje, hapo ndipo nimechanganyikiwa. Metacritic, ile tovuti inayokusanya maksi za wakosoaji, imeipa 94 kati ya 100. GameSpot waliipa 10 kwa 10 ilipotoka Marekani mwaka 2000, jarida la Famitsu kule Japani wakaipa 36 kati ya 40. Lakini ukiwasikiliza mashabiki wa Trigger unakuta hasira mpaka leo, wengine wanasema haikustahili hata kubeba jina la Chrono. Nani mkweli hapa? Na je niianze sasa hivi nikiwa bado na Trigger kichwani au niache kwanza ipoe? Spoila ruksa, hazinisumbui.

kijiji_cha_arni
Mkuu wote wakweli, ila kila mmoja alikuwa anapima kitu chake. Mkosoaji wa mwaka 2000 alikuwa anapima gemu iliyo mbele yake. Anaweka diski kwenye PlayStation, anapokelewa na muziki wa Yasunori Mitsuda pale mwanzoni, anaona visiwa vya El Nido vilivyochorwa mpaka maji yanaonekana yana joto, anakuta mapigano ya stamina, yaani kila pigo linakula nguvu zako, ambayo hayafanani na gemu nyingine za Square, huhitaji kuua vidudu masaa mazima ili upande leveli, nguvu kubwa unazipata kwa kumshinda bosi (adui mkubwa), na ukizidiwa unakimbia, hata mbele ya bosi unakimbia. Kwa wakati ule hivyo vilikuwa vitu vya kijasiri sana, maksi zile zilistahili na mimi ningetoa hizo hizo.

Shabiki yeye alikuwa anasubiri kukutana tena na Crono, Marle na Lucca, mashujaa wa Trigger. Amekaa tangu 1995 anasubiri. Halafu anaambiwa ufalme wa Guardia, ule ule aliouhangaikia gemu nzima, ulianguka mwaka 1005, yaani miaka mitano tu baada ya safari yao, na hata haonyeshwi ulivyoanguka. Ndani ya Cross ukifika sehemu inayoitwa Dead Sea utakuta magofu na kengele ya Leene Square, wanakutokea watoto wanaofanana na wale wenzako watatu wanaongea na Serge, mhusika mkuu wa Cross, kuhusu mustakabali uliofutwa. Mtu aliyemaliza Trigger akiwa na furaha, pale lazima aumie. Hasira yake naielewa kabisa, ni hasira ya mtu aliyependa.

Guile_sio_Magus
Naheshimu ila mbona mnawatetea sana wakosoaji. Mimi gemu hii naipenda na bado nasema 10 ilikuwa nyingi, na sababu haina uhusiano na Crono. Ni namna stori inavyosimuliwa. Kwa muda mrefu unazunguka visiwani unatatua shida za watu, unakusanya wahusika, halafu ukikaribia mwisho, ukifika Chronopolis, unamwagiwa maelezo juu ya maelezo, FATE (kompyuta inayotawala El Nido) ni nani, Dragonians (viumbe jamii ya mijoka) walitoka wapi, Schala (binti mfalme wa Zeal kwenye Trigger) ana uhusiano gani na Kid (msichana anayesafiri na Serge), Lavos (adui mkuu wa Trigger) kaingiaje, yote kwa maandishi na mtu amesimama anaongea. Mambo mazuri kabisa yale lakini yangetandazwa tangu mapema, mchezaji ayagundue mwenyewe.

Na wahusika zaidi ya 40 ni wengi mno. Trigger ilikuwa na saba na kila mmoja unamkumbuka mpaka kesho. Huku kwenye toleo la Kiingereza sentensi moja wanaweza kuisema watu wengi, mfumo unabadilisha lafudhi tu kulingana na uliyemweka kwenye timu, matokeo yake wengi wanakuwa sura tupu. Guile, mmoja wa wahusika wa Cross, alikuwa awe Magus, yule mchawi wa Trigger, kwenye mipango ya awali, wakaona hawataweza kumpa nafasi inayomfaa wakaacha. Mngepunguza thelathini hapo mkambakiza Magus, nani angelalamika?

kijiji_cha_arni
@Guile_sio_Magus hapo kwenye Chronopolis nakupa, pamelemewa. Ila usisahau aliyeongoza Cross ni Masato Kato, huyo huyo aliyeandika sehemu kubwa ya ufalme wa Zeal kwenye Trigger. Hakuwa mgeni aliyekuja kuharibu nyumba ya watu, Schala alikuwa deni lake tangu zamani.

lavender_ya_usiku
Naona hakuna aliyetaja nyumba ya watoto yatima inavyoungua. Serge anarudishwa nyuma kwenye wakati, ndani moto kila mahali, watoto wanalia, na Kid bado mdogo kabisa humo ndani. Unamtoa. Baadaye unasoma barua ambayo Lucca alimwandikia, na hapo unamsikia Lucca yule yule wa Trigger, mchangamfu, sasa ni mtu mzima anayeongea na binti aliyemlea huku anajua huenda hatakuwepo. Anayesema Cross haijali wahusika wa zamani, mimi namwambia arudie sehemu hiyo. Nililia na bado nalia.

Halafu mwisho wenyewe! Bosi wa mwisho ukimpiga tu kawaida hupati mwisho kamili. Inabidi elementi (uchawi wa gemu hii, kila mmoja una rangi yake) zitumike kwa mpangilio wa rangi, njano, nyekundu, kijani, bluu, nyeusi, nyeupe, ndipo utumie elementi yenyewe inayoitwa Chrono Cross, na kila moja inatoa sauti yake mpaka inakuwa wimbo. Unashinda kwa kuimba, na bosi naye anavuruga mpangilio wako kwa kupiga rangi zake. Sijaona gemu nyingine iliyothubutu hivyo.

msafiri_wa_wakati
Daah asanteni sana, nimeshawishika. Nicheze ipi sasa, ile ya zamani au rimasta, yaani toleo lililoboreshwa?

Guile_sio_Magus
Rimasta ya 2022. Wakosoaji hawakuipa maksi kama za mwanzo, kisa kikubwa fremu zilikuwa zinashuka vibaya, lakini 2023 wakatoa sasisho lililorekebisha hilo. Ndani yake kuna Radical Dreamers pia, gemu fupi ya maandishi ya mwaka 1996 ambayo ndiyo mbegu ya Cross. Anza na hiyo, kisha ingia Cross, na kama Trigger yako ni toleo lililotokana na la Nintendo DS rudi ukamalize ule mwisho wa ziada wa Schala, maana ndio unaoziunganisha gemu hizi mbili. Usisubiri ipoe.