Mninga ukikauka msiung'oe

*Kikundi cha Miti ya Asili, Mtaani Kwetu, Morogoro*

Katibu: Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tunajaza viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, na kusia mbegu. Ila kwanza kuna suala la eneo la shule: mininga tuliyopanda masika imekauka yote mpaka chini. Mlinzi anauliza, aing'oe apande mijohoro?

Jirani wa Kona: Majani yalipukutika tangu mwezi wa saba. Sasa vijiti vinakatika kama njiti za kiberiti.

Mama Kitalu: Asing'oe hata mmoja, tafadhali! Hiyo ndiyo tabia ya mninga. Mche mchanga hukausha shina kiangazi, lakini mzizi uko hai na unanenepa. Mvua zikishika unachipua upya. Utarudia hivyo miaka kadhaa, mpaka mzizi uwe na akiba ya kusukuma shina litakalohimili ukame na moto.

Jirani wa Kona: Basi tutajuaje upi mzima na upi umekufa kweli?

Mama Kitalu: Fukua kwa vidole kuzunguka shingo ya mche, pale shina linapokutana na mzizi, sentimita 5 tu. Kwangua mzizi kidogo kwa ukucha. Ulio hai ni mgumu, umejaa kama karoti, na chini ya ganda kuna unyevu. Uliokufa umesinyaa, au mchwa wamekula ndani wakaacha ganda tupu. Ukishaona, fukia. Halafu kila mche uchomekewe kijiti cha alama, maana mfyekaji hawezi kuona kitu ambacho hakina jani.

Babu: Na moto jamani. Fyekeni ukanda wa mita 3 kuzunguka eneo lote wiki hii, nyasi zitolewe nje kabisa. Matandazo yakae mbali na shingo ya mche, kiganja kimoja hivi. Yakigusa, mchwa wanapitia hapo hapo.

Mhazini: Shikamoo Babu. Kwani mjohoro si wa asili? Na mwarobaini? Iko kila uwanja.

Babu: Marahaba mwanangu. Yote miwili imetoka Asia. Mkrismasi nao ni wa Madagaska. Kivuli inatoa, sikatai, lakini mjohoro ukipandwa pembeni ya mninga utaupita mara moja, na mninga hauvumilii kufunikwa.

Mwenyekiti: Asante Babu. Mama Kitalu, mbegu za Jumamosi tuziandaeje? Tuna mpingo, mkongo na mninga.

Mama Kitalu: Kwanza, maji ya moto hapana. Hayo ni ya migunga. Mbegu ya mpingo ina ngozi nyembamba, mtaipika. Ilowekwe maji baridi Ijumaa usiku, na Jumamosi msiisie kwa kina kirefu, nusu sentimita inatosha. Wiki mbili hivi inachomoza.

Mama Kitalu: Mkongo ni ile mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu. Kofia itolewe yote, inaita sisimizi na panya. Kisha kwa kikata kucha, toboeni ganda upande wa pili wa ilipokuwa kofia, mpaka kijitone cheupe kionekane. Msizame zaidi. Loweka usiku kucha: iliyovimba sia, ambayo haikuvimba ikwanguliwe tena. Kina sentimita 2 mpaka 3.

Mama Kitalu: Mninga ndio wenye kazi. Tunda lina bawa la duara na katikati miiba kama nungunungu, kwa hiyo vaeni glavu. Punguzeni bawa kwa mkasi wa kupogolea, kisha pasueni kile kifundo polepole. Ndani mara nyingi mna mbegu 1 au 2, na ni laini. Anayegonga kwa jiwe anazipasua, halafu zinaozea kwenye kiriba na lawama anapewa aliyeleta mbegu.

Jirani wa Kona: Viriba vile vifupi vya mchicha vinafaa?

Mama Kitalu: Havifai. Mzizi mkuu unafika chini haraka na kujiviringa, na mti wa hivyo hauendi mbali. Chukueni vya sentimita 25 au 30. Madebe 3 ya udongo wa juu wa msituni, 1 mchanga wa mtoni, 1 samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Babu: Ongezeni konzi ya udongo uliochotwa chini ya mpingo mkubwa. Una bakteria wanaofanya mizizi iote vinundu vya naitrojeni.

Mhazini: Mipingo ya awamu iliyopita ililala chini ikiwa na majani mawili tu, shina limenywea usawa wa udongo.

Mama Kitalu: Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche mchanga. Maji mengi, mbegu zimebanana, kivuli kizito. Mwagilieni asubuhi tu, na nyasi za kichanja cha kivuli zipunguzwe mpaka jua lipenye. Iliyolala ichomeni, msiitupe kwenye mboji.

Katibu: Sawa. Nampigia mlinzi sasa hivi. Jumamosi saa moja asubuhi, kila mtu na glavu. Nani ana toroli?

Jirani wa Kona: Nitakuja nalo.